Sindano ghali, mkono mzito... nusura nimwaibishe mshua!

Hivi karibuni nilikuwa mgonjwa wa sindano. Sio ile ya daktari, wala ya cherehani. Nasema sindano ya santuri, ile inayokaa ncha ya mkono wa mashine na kutembea kwenye mifereji mpaka muziki unatoka.

Najua wapo watakaocheka. "Santuri? Mwaka huu?" Chekeni tu, lakini habari ndiyo hiyo, santuri zimerudi mjini. Kule Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 hivi wakati CD ziliuzwa milioni 33, na ilikuwa mara ya kwanza santuri kuzipita CD kwa idadi tangu mwaka 1987. Na hata hapa Bongo wapo washkaji kibao wanaozifufua mashine za wazee wao zilizokuwa zinalaliwa na paka juu ya kabati. Mmojawapo ni mimi. Sasa tulieni niwape kisa, maana kilinitoa jasho na kingeweza kunitoa machozi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alipata mchumba. Mahari ikapokelewa, kamati ikakaa, tarehe ya sendofu ikapangwa. Jioni moja bi mkubwa akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Nikajua hapa ni mchango. Kumbe sio.

"Mwanangu," akasema, "baba yenu hayupo wa kumshika mkono binti yake siku hiyo. Lakini gitaa lake lipo. Nataka ule wimbo wake upigwe ukumbini."

Hapo nilikosa la kusema. Mshua, Mungu amlaze pema, alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi moja ya hapa jijini mwanzoni mwa miaka ya 70. Bendi ilikufa zamani. Kilichobaki ni santuri moja ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyochapwa Nairobi kama santuri nyingi za bendi zetu enzi hizo. Kwa wasiojua, santuri ndogo upande mmoja haubebi wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo mara nyingi ulikatwa vipande viwili. Upande A sehemu ya kwanza, yaani mashairi. Upande B sehemu ya pili, chemko lenyewe, waimbaji wanakaa pembeni magitaa yanaongea. Gitaa la mshua liko upande B.

Mtandaoni nilitafuta mpaka macho yakauma, wimbo haupo. Kaseti haipo. Kama ni kuupata, ni kwenye ile santuri tu, na kazi yangu ilikuwa niupige mara moja vizuri, niurekodi kwenye kompyuta, nimpelekee DJ wa sendofu kwenye simu. Kazi ya nusu saa! Ndivyo nilivyojidanganya.

Mashine ya mshua ni ya miaka ya 70, ina mkono mnene wa chuma wenye umbo la herufi S. Nilipoifunua vumbi nikakuta sindano imevunjika, na juu ya kichwa cha mkono kumebandikwa kwa plasta sarafu ya shilingi moja, ile ya zamani yenye mkono ulioshika mwenge. Kama mzee wako alikuwa na mashine, huenda naye alifanya hivyo. Sindano ikichoka inaanza kurukaruka, mzee anabandika sarafu ili aikandamize.

Mimi kwa ujuaji nikabandua sarafu nikaitia mfukoni. Nikafungua skrubu mbili ndogo nikaing'oa ile katriji nzima. Katriji ndiyo kile kijumba kidogo chenye sindano kwa chini na nyaya nne kwa nyuma. Nikaingia mjini kutafuta nyingine.

Hapa sitaji duka wala mtu, maana kosa lilikuwa langu. Nilipata katriji ya zamani lakini haijatumika, kitu na boksi, na bei yake iliniumiza mbavu. Karatasi iliyokuwa ndani ilisema sindano hiyo inatembea kwa uzito wa gramu 1 tu. Gramu moja! Nilipofika kijiweni niliringa kama mwenye gari jipya. "Oneni hii, haikwaruzi santuri kabisa, inapapasa." Washkaji wakatikisa vichwa, hakuna aliyejua lolote, mimi nikiwa wa kwanza wao.

Usiku huo nikaifunga. Mashine nikaiweka juu ya kabati la vyombo, lile ambalo mguu mmoja umekalia kipande cha mbao. Nikaanza na upande B, maana ndio wenye mshua. Sikuwa na subira ya kuanza na santuri nyingine ya kujaribia, na hilo ni kosa la kwanza, liandikeni.

Gitaa likaanza. Jamani! Sekunde kumi za kwanza nilisikia vidole vya baba yangu. Halafu nikaona kituko. Mkono ulikuwa unapanda na kushuka taratibu kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nikatazama spika, karatasi zake zilikuwa zinatoka nje na kurudi ndani, nje na ndani, kwa nguvu, na wala hakukuwa na besi ya namna hiyo kwenye wimbo. Kabla sijanyanyua mkono, bi mkubwa akaingia na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo. Kabati likatikisika. Sindano ikaruka, ikateleza, krrraaach! Ikatua katikati ya wimbo.

Bi mkubwa hakusema kitu. Alisimama, akaitazama santuri, akatoka. Bora angenitukana.

Nilipoinua santuri kwenye mwanga nikaona mchirizi mwembamba unakatiza mifereji. Nilijaribu tena. Ikifika kwenye ule mchirizi, inaruka. Nikaikumbuka sarafu, nikaibandika kama mshua. Mkono ndio kwanza ukazidi kuyumba, na spika zikazidi kupumua kama mtu mwenye pumu. Nikazima mashine. Siku kumi zilikuwa zimebaki.

Kuna mzee mmoja, fundi, yuko kwenye uchochoro kule Ilala, meza yake imejaa redio zilizofunuliwa matumbo. Ujana wake aliutumia kwenye mitambo ya muziki. Nilimbebea mashine, santuri, katriji zote mbili na aibu yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo sindano nani kakuuzia?"

Nikaanza kujitetea kwamba ni nzuri, ni ghali, inatembea kwa gramu moja. Akanikata kauli.

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Sindano ni nzuri sana. Ila umeioza kwa mume asiye wake."

Wapenzi wasomaji, haya yanayofuata ndiyo niliyotaka kuwaambia wiki hii, kwa hiyo anayetafuna karanga aache kidogo.

Fundi alianza kwa kunionyesha katriji kwa lenzi. Sindano yenyewe ni punje ya almasi iliyobandikwa kwenye kijiti chembamba. Kijiti kinaingia ndani ya katriji na huko kimeshikwa na kipande cha mpira. "Ule mpira ndiyo springi," akasema. "Kuna springi laini, kuna springi ngumu. Na mkono wako wote huu, pamoja na katriji, ndiyo bodi ya gari inayobebwa na springi hiyo. Sasa wewe umechukua springi za bajaji ukazifunga kwenye fuso."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Fuso lenye springi za bajaji likipita kwenye tuta linafanyaje?"

"Linanesa."

"Linanesa, na linaendelea kunesa hata tuta limeshapita. Ndiyo ule mkono wako. Santuri haiko bapa kama kioo, ina mabonde kidogo. Kila bonde ni tuta. Mlango ukigonga ni tuta. Mama akikanyaga ni tuta. Mkono ukinesa kwenda juu sindano inabaki nyepesi, haishiki mfereji, inaruka. Ukirudi chini inakandamiza kupita kiasi, inakwaruza. Hiyo gramu moja yako ilikuwa inageuka sifuri na mbili kila wakati."

Nikauliza swali ambalo nadhani na wewe unalo. Kama sindano inakandamiza gramu moja tu, huo uzito wa fuso umetoka wapi?

Fundi akaninyooshea ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. "Ishike karibu na kifua, geuka kushoto na kulia." Rahisi. "Haya, nyoosha mikono, geuka tena." Lo! Ndoo ni ile ile, lakini ilitaka kuning'oa mabega. Kumbe ndivyo ulivyo mkono wa mashine. Uko kama bembea la watoto, huku kuna katriji, kule kuna kile kidude kinene cha nyuma cha kusawazisha. Ukisawazisha, sindano inaweza kukandamiza gramu moja tu. Lakini kuusogeza huo mkono ni kazi nyingine. Kilichoko mbali na ekseli kinahesabiwa sana, kilichoko karibu kinahesabiwa kidogo. Ndiyo maana kidude cha nyuma, japo ni kizito, hakina shida kubwa, maana kiko karibu. Sarafu juu ya kichwa, japo ni ndogo, inahesabiwa yote, maana iko mbali kabisa.

"Kwa hiyo ulipobandika sarafu," fundi akaniambia, "ulidhani unaongeza breki. Uliongeza mzigo kwenye fuso."

Huo uzito wa kuusogeza mkono, watengenezaji huuandika kwenye kitabu cha mashine kwa gramu. Mikono myepesi ni kama gramu 5 hadi 9. Ya kati ni 10 hadi 15. Mizito ni kuanzia 16 kwenda juu. Ulaini wa springi nao huandikwa kwenye karatasi ya katriji kwa namba. Namba za 5 hadi 10 ni ngumu, 12 hadi 20 ni za kati, kuanzia 25 ni laini. Ukiwa na namba hizo mbili, hesabu ni ya darasani, na simu yako inaiweza.

Chukua uzito wa mkono, jumlisha uzito wa katriji na skrubu zake. Zidisha kwa namba ya ulaini. Tafuta kipeuo cha pili. Halafu chukua 159 ugawanye kwa jibu hilo. Unachopata ni hezi, yaani mkono wako utanesa mara ngapi kwa sekunde ukiguswa.

Jibu linalotakiwa ni kati ya 8 na 12. Kwa nini hapo? Kwa sababu mabonde ya santuri na vishindo vya miguu vinaishi chini, kwenye hezi chache tu, 5 au 6 kushuka. Muziki unaishi juu, kuanzia hezi 20 ambako sikio la binadamu linaanza kusikia. Katikati pale pana uwanja mtupu, hapaishi mtu. Ndipo unaposukumia mneso wa mkono wako ukanese peke yake bila kumsumbua jirani. Ukishuka chini ya 8 unagombana na mabonde. Ukipanda sana, mkono unaanza kutetemeka na besi, muziki unakosa msingi.

Fundi akanipa mfano wa mashine ambayo kila DJ duniani anaijua, Technics SL-1200. Ilianza mwaka 1972, ikasimamishwa 2010, ikarudi 2016 kwa sababu watu waliililia. Ile ya MK2 iliyotikisa madisko mkono wake ni gramu 12. Sasa ifunge katriji ya Ortofon 2M Red ya Denmark, yenye gramu 7.2 na ulaini 20. Pamoja na skrubu jumla ni gramu 20 hivi. Mara 20 ni 400. Kipeuo cha pili ni 20. Tukigawa 159 kwa 20 tunapata takriban 8. Iko mlangoni, lakini ndani. Inakubalika.

Halafu akageukia mashine yangu. Kitabu chake kilishaliwa na mchwa, lakini kwa mkono mnene wa namna ile, wenye kichwa cha chuma cha kuchomoa, alikadiria gramu 20. Katriji yangu ya kuringia gramu 6, skrubu 1. Jumla 27. Ulaini wake kwenye karatasi uliandikwa 35, namba ambayo mimi niliiruka nikidhani ni ya mfano. Ishirini na saba mara 35 ni 945. Kipeuo chake 31 hivi. Mia na hamsini na tisa gawa kwa 31...

"Tano," nikasema kwa sauti ndogo.

"Tano na kidogo. Umeupeleka mkono ukanese pale pale mabonde yanapoishi. Na hata hiyo 35 yako haikuwa kosa la kiwanda. Walioitengeneza waliitengenezea mkono mwepesi."

Ikawa kama darasa. Kumbe kwenye miaka ya 70 ilikuwa fasheni kukimbilia wepesi. Kampuni ya SME ya Uingereza ilitoa mkono wa 3009 Series III wenye uzito wa gramu 5 hivi, na Shure wa Marekani walikuwa na katriji za V15 zenye springi laini. Vitu vya aina hiyo viliendana. Wakati huo huo Wajapani walikuwa na Denon DL-103, iliyozaliwa miaka ya 60 kwa kazi ya redio ya taifa ya NHK. Hiyo ni ngumu, ina gramu 8.5, inakandamiza gramu 2.5, na inataka mkono mzito wenye kifua. Ukiifunga kwenye ule mkono wa gramu 5 unapata kosa la kinyume, ni springi za fuso chini ya bajaji, abiria anahesabu kila kokoto. Hadi leo DL-103 inauzwa, na wapenzi wake wenye mikono ya kati huongeza kijiuzito kichwani kwa makusudi. Shure wao waliacha kabisa kutengeneza katriji mwaka 2018.

"Kwa hiyo mzee," nikadakia, "kumbe kuna mahali sarafu inafaa?"

"Inafaa kwa anayejua anaiweka kwa nini."

Hapo akanitahadharisha jambo jingine ambalo wengi wanaingia mkenge. Viwanda vingi vya Japani hupima ulaini kwa mtetemo wa hezi 100 badala ya 10, na namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Karatasi ya DL-103 inasema 5. Kwa hesabu yetu inabidi uzidishe kwa moja na nusu hadi mbili, ndipo uanze. Usiposoma hapo utadhani hata mkono wa tofali hauitoshi.

Sasa tufanyeje? Siku zinakwisha. Fundi akaomba aione ile katriji ya zamani, iliyovunjika sindano. Nikaitoa mfukoni pamoja na sarafu. Akaisukuma kidogo kwa ncha ya brashi.

"Ngumu," akasema. "Huu mkono ulishakuambia unataka mke wa aina gani. Hukuuliza."

Sindano ya kubadilisha kwa katriji ile haipatikani tena. Nikamwambia basi tutafute hiyo DL-103, mimi nakopa. Akakataa. Umeme unaotoka kwenye DL-103 ni milivolti 0.3 tu, wakati katriji za kawaida hutoa kama milivolti 5. Amplifaya ya mshua isingeisikia, ningetakiwa kununua kifaa kingine cha kuikuza sauti. "Usinunue jina," akasema. "Nunua kinachokaa."

Kilichokaa ni katriji ya DJ! Nyingi zimetengenezwa ngumu ili zivumilie kusukumwasukumwa, na nyingi hukandamiza gramu 3 au zaidi. Mzee alikuwa nayo moja, sindano mpya, ulaini 10, gramu 6. Bei yake, mtanisamehe, ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyoringia. Tukapiga hesabu pamoja. Ishirini na saba mara 10 ni 270. Kipeuo 16 na kidogo. Jibu, karibu 10. Katikati kabisa ya uwanja.

Ufungaji wenyewe ulikuwa wa kistaarabu. Kwanza alisawazisha mkono mpaka ukaelea hewani, hauendi juu wala chini. Halafu akaongeza uzito kidogo kidogo. Mizani ya kupimia gramu hakuwa nayo, tukavuka barabara kwa sonara, yeye akatupimia sindano kama anapima hereni. Gramu 3 kamili. Akahakikisha katriji imekaa sawa na mfereji, haijapinda kushoto wala kulia. Na mashine akakataza isirudi kwenye lile kabati. "Iweke chini sakafuni ukiirekodi, na mlango ufunge kwa ufunguo."

Tulijaribu kwanza santuri yake, iliyopinda kama chapati. Mkono ukapanda bonde ukashuka, basi, haukunesa tena. Spika zimetulia kimya. Ndipo akasema niweke ya mshua. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, akaiweka yeye.

Gitaa likaanza. Ulipofika ule mchirizi niliziba macho, kama vile macho ndiyo yanayosikia. Tk. Tk. Tk. Ikapita! Springi ngumu na gramu 3 vikaishikilia sindano ndani ya mfereji wake, na ule mchirizi ukabaki sauti tu, kama mtu anayegonga kidole mezani. Mshua akaendelea kupiga mpaka mwisho wa santuri, dakika nzima ya mwisho akiwa ananong'ona na gitaa la solo. Fundi alitikisa kichwa akasema, "Huyu alikuwa na mkono." Sijui alimaanisha mkono upi.

Nisiwadanganye kwamba mchirizi ulifutika. Haufutiki. Utakaa pale miaka yote, sahihi ya ujuaji wangu. Nilirekodi pande zote mbili usiku, mlango umefungwa kwa ufunguo, kuku wote wa jirani nikiwaombea walale.

Siku ya sendofu, wakati wa kumkabidhi bibi harusi kwa wazee, DJ akaweka upande B. Ukumbi ulinyamaza, halafu shangazi mmoja akaanza kucheza palepale alipokaa, wengine wakainuka. Mdogo wangu alilia mpaka wale waliompamba wakashika vichwa. Zile tk tk zikapita kwenye maspika makubwa, mimi nikainamisha kichwa.

Bi mkubwa alikuwa pembeni yangu. Nikajua sasa ananikumbusha. Akaninong'oneza, "Ile sarafu ya baba yenu iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Akaitazama pande zote mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akainuka kwenda kucheza.

Sasa wewe mshkaji unayetaka kununua sindano mwezi huu, usiulize kwanza ipi ni ghali wala ipi inapapasa. Uliza mkono wako una gramu ngapi, uliza ulaini wa springi, toa simu upige hesabu. Mkono mzito mpe sindano ngumu, mkono mwepesi mpe laini. Ikitoka kati ya 8 na 12, lipa uondoke. Isipotoka hapo, mrudishie mwenye duka hata kama anakupunguzia bei. Na kama umeshaifunga na unaona spika zinapumua bila besi, nyanyua mkono haraka kabla mama hajaingia.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kabati la vyombo nimeshalitengeneza mguu.